Joto ni Mwendo wa Wengi, Kazi ya Wachache

Mhadhara kwa walimu, wanafunzi wa sekondari na wananchi wa Nyakakika, wilayani Karagwe, mkoani Kagera

Nimeombwa nieleze nadharia ya mwendo wa gesi, yaani maelezo yanayosema kwamba hewa na gesi zote ni makundi makubwa ya chembe ndogo mno, molekuli, zinazokimbia na kugongana bila kupumzika, na kwamba kile tunachokiita joto ni huo mwendo wenyewe. Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba mtu anayeishia kwenye wastani wa mwendo huo bado hajalielewa joto, kwa sababu kazi kubwa ya joto, iwe ni kuivisha maharage, kukausha kahawa au kupata chuma kutoka kwenye mawe, hufanywa na molekuli chache ambazo kasi yake imepita wastani. Nitaitetea hoja hiyo kwa vipimo, na sitazikwepa pingamizi, maana nadharia hii ilipingwa na watu wenye akili kubwa na kila pingamizi lilitufundisha jambo.

Hoja ya kwanza: joto ni mwendo. Katika karne ya 18 wasomi wengi wa Ulaya waliamini kwamba joto ni aina ya kimiminika kisicho na uzito, ambacho hutoka kwenye kitu cha moto kikaingia kwenye kitu baridi. Imani hiyo haikuwa ya kijinga. Ilieleza vizuri kwa nini jiwe lililotoka motoni hupasha maji yanayolizunguka. Lakini mwaka 1798 Count Rumford, aliyesimamia utengenezaji wa mizinga huko Munich, alieleza jambo ambalo kimiminika hicho hakikuweza kulijibu. Keekee ilipokuwa ikitoboa chuma, joto lilitoka saa baada ya saa bila kwisha, kadiri farasi walivyoendelea kuizungusha. Kama joto ni kitu kilichohifadhiwa ndani ya chuma, mbona akiba haiishi? Miaka ya 1840 James Joule alipima kwa uangalifu, akaonyesha kwamba kiasi kilekile cha kazi hupasha maji kwa kiasi kilekile, kila mara, iwe kazi hiyo imetokana na uzito unaoshuka au na njia nyingine. Kilichoingia ndani ya maji ni mwendo. Daniel Bernoulli alikuwa ameshaliona hilo kwa upande wa gesi tangu mwaka 1738, alipoandika kwamba msukumo wa gesi kwenye kuta za chombo ni jumla ya vipigo vya chembe zinazozigonga kuta hizo. Watu hawakumfuata kwa zaidi ya miaka 100. Rudolf Clausius mwaka 1857 na James Clerk Maxwell mwaka 1860 ndio walioifanya kuwa nadharia yenye hesabu kamili.

Hesabu hizo zinasema nini kuhusu hewa iliyomo humu ukumbini? Katika lita moja ya hewa hapa Karagwe kuna molekuli zipatazo mbili ikifuatwa na sifuri 22. Kila moja, kwa wastani, inakwenda karibu mita 500 kwa sekunde, kasi inayoizidi sauti. Kipimajoto kinapoonyesha namba, kinachotuambia ni wastani wa nishati ya mwendo wa molekuli hizo, na wastani huo huongezeka sambamba na halijoto inayohesabiwa kuanzia sifuri halisi, ambayo iko nyuzi 273.15 chini ya pale maji yanapoganda. Madereva wanaopandisha mizigo huku juu wanaujua ukweli huu kwa mikono yao. Tairi iliyojazwa upepo asubuhi ikiwa na nyuzi 20, kipimo kikasoma psi 30, ikipata moto barabarani hadi nyuzi 50 itasoma karibu 34, ingawa hakuna aliyeongeza upepo. Molekuli ni zilezile, ila zinagonga kwa nguvu zaidi na mara nyingi zaidi. Ukitaka kuihakiki hesabu hiyo, kumbuka kuongeza mgandamizo wa hewa ya nje, ambao hapa kwetu ni kama 12 kwa kipimo hichohicho, kabla ya kuzidisha, kisha uutoe tena. Wanafunzi wengi hulisahau hilo, wakapata jibu dogo, wakadhani kanuni imekosea.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza lilipotokea, na nalipenda kwa sababu ni swali ambalo hata mtoto angeliuliza. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Uholanzi, Buys Ballot, alihoji hivi: kama molekuli zinakwenda mamia ya mita kwa sekunde, mbona harufu huchelewa kutufikia? Mtu akikaanga kahawa jikoni, aliyeko upande wa pili wa nyumba hainusi papo hapo. Kwa kasi iliyotajwa, harufu ingepaswa kuvuka nyumba nzima kabla hujapepesa jicho. Clausius alijibu mwaka 1858. Molekuli haina njia iliyonyooka. Ni kama mtoto aliyetumwa kuvuka mnada uliofurika watu: miguu yake ni myepesi, lakini kila hatua anamgonga mtu na kugeuzwa upande mwingine. Katika hewa ya kawaida molekuli husafiri chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya milimita kabla ya kugongana na nyingine, na hugongana mara mabilioni kwa sekunde moja. Harufu inayofika haraka huwa imebebwa na upepo wa mlangoni. Pingamizi lililokusudiwa kuiangusha nadharia likazaa wazo la umbali kati ya mgongano na mgongano, na kutokana na wazo hilo watu wakaanza kukadiria ukubwa wa molekuli.

Pingamizi la pili lilikuwa zito zaidi: ni nani amewahi kuiona molekuli? Ernst Mach na Wilhelm Ostwald, wanasayansi wakubwa wa zama zao, walikataa kujenga elimu juu ya vitu visivyoonekana, na Ludwig Boltzmann, aliyeitetea nadharia hii kuliko mtu yeyote, alifariki mwaka 1906 kabla ubishi haujakwisha. Uliisha muda mfupi baadaye. Tangu mwaka 1827 mtaalamu wa mimea Robert Brown alikuwa ameona kwa darubini vipunje vidogo vilivyomo ndani ya maji vikitetemeka bila kukoma. Mwaka 1905 Albert Einstein alikokotoa vipunje hivyo vingesogea umbali gani kama kweli vinapigwa na molekuli kutoka pande zote, na Jean Perrin wa Ufaransa akapima, akakuta hesabu inakubaliana na vipimo. Ostwald mwenyewe alibadili msimamo. Kwa hiyo mwanafunzi akiuliza ushahidi uko wapi, asijibiwe kwamba ndivyo kitabu kinavyosema. Ushahidi upo, na unaweza kuonekana kwa darubini ya shule.

Hoja ya pili, ambayo ndiyo kiini cha mhadhara huu: wastani hauelezi kila kitu. Maxwell aliuliza swali ambalo waliomtangulia hawakulitilia maanani. Kama molekuli zinagongana mara mabilioni kwa sekunde, haiwezekani zote zikawa na kasi moja. Kila mgongano humpunguzia mmoja na kumwongezea mwingine. Aligundua kwamba, pamoja na vurugu hiyo, mgawanyo wa kasi una umbo thabiti: nyingi ziko karibu na kasi fulani ya kati, chache ziko polepole sana, na chache sana ziko mbali mbele. Tukiichukua ile kasi inayopatikana kwa wingi zaidi kuwa kipimo chetu, basi karibu molekuli 46 katika kila 1,000 zina kasi iliyozidi mara mbili ya hiyo, na karibu 4 tu katika kila 10,000 zimezidi mara tatu. Hilo si kisio la mezani. Mwaka 1920 Otto Stern alianza kupima kasi za atomu za fedha zilizovukizwa, na majaribio yaliyofuata yalizidi kuuthibitisha mgawanyo wa Maxwell. Tena mgawanyo huo hauko kwenye gesi peke yake. Kasi za molekuli za maji ndani ya chungu zinafuata umbo hilohilo.

Sasa tazameni kinachotokea halijoto ikipanda kidogo. Wastani unasogea kidogo, lakini ile idadi ndogo iliyo mbele inaongezeka kwa kiasi kikubwa sana. Kipimo cha wazi ni mvuke wa maji. Maji yenye nyuzi 20 yakifungiwa kwenye chombo hutoa mvuke wenye mgandamizo wa kilopaskali 2.3 hivi. Yakifika nyuzi 30, mvuke huo hufika karibu kilopaskali 4.2. Wastani wa nishati ya mwendo umeongezeka kwa asilimia 3 na nusu tu, ilhali mvuke umekaribia kuongezeka maradufu. Tofauti hiyo kubwa imetoka wapi? Ili molekuli iondoke ndani ya maji ni lazima ishinde mvuto wa wenzake, na hiyo inahitaji nishati kubwa kuliko ya wastani. Wanaoweza ni wachache, na hao wachache ndio walioongezeka. Ndiyo maana kahawa iliyoanikwa siku ya jua hukauka kwa kasi ambayo ongezeko la nyuzi chache lisingetufanya tuitarajie. Na ndiyo maana mtungi wa udongo hupoza maji. Maji hupenya vitundu vya udongo hadi nje, molekuli zenye kasi hutoroka, zinazobaki ni zile za polepole, wastani unashuka, na maji yanakuwa baridi bila umeme wala barafu.

Hoja ya tatu ni ya jikoni, nami nitakaa hapo kwa muda mrefu kuliko pengine, kwa sababu hapa fizikia inagusa msitu na mgongo wa mama. Tuanze na kuchemka kwa maji. Miaka michache tu baada ya Clausius na Maxwell kutoa kazi zao, wasafiri John Hanning Speke na James Grant walifika Karagwe, Novemba 1861, wakapokewa Bweranyange na mfalme wa Karagwe, Omukama Rumanyika. Miongoni mwa vyombo vya msafara wao vilikuwamo vipimajoto vya kuchemshia maji. Wasafiri wa zama hizo walipima kimo cha nchi kwa kuchemsha maji na kusoma yamechemkia nyuzi ngapi. Njia hiyo ilifanya kazi kwa sababu maji huchemka pale mgandamizo wa mvuke wake unapolingana na mgandamizo wa hewa inayoyakalia. Ufukweni mwa bahari, hewa hukandamiza kwa kilopaskali 101 hivi, na maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kadiri unavyopanda, molekuli za hewa zilizo juu yako zinapungua. Sehemu zetu zilizo mita 1,500 hadi 1,600 juu ya usawa wa bahari zina mgandamizo wa kilopaskali 84 hivi, na maji huchemka karibu na nyuzi 95. Kwa makadirio ya haraka, kila mita 300 unazopanda zinakupunguzia nyuzi moja. Nawaomba vijana wasichanganye jambo moja hapa: hewa ya milimani ina mgandamizo mdogo kwa sababu molekuli zake ni chache katika kila lita. Kasi yake haitegemei kimo, inategemea halijoto peke yake.

Mtu anaweza kusema, nyuzi tano ni nini? Na kwa hesabu ya wastani angekuwa na haki. Kutoka nyuzi 100 hadi 95 wastani wa nishati ya molekuli za maji unapungua kwa asilimia 1.3 tu. Kama upishi ungetegemea wastani, sufuria ya maharage ya Nyakakika ingechelewa kuliko ile ya Tanga kwa dakika isiyofika hata moja katika saa nzima. Lakini maharage hayaivi kwa wastani. Punje hulainika pale vifungo vinavyogandisha kuta za seli zake vinapovunjika, na kila kifungo kinadai kipigo chenye nishati kubwa, ambayo ni wachache tu walionayo. Svante Arrhenius aliliweka jambo hili katika kanuni mwaka 1889, na kutokana nayo wanakemia hutumia kisio la jumla kwamba mabadiliko mengi ya kikemia huongeza mwendo wake takribani maradufu kwa kila nyuzi 10. Kwa kisio hilo, kupungua kwa nyuzi tano kunarefusha muda kwa asilimia 40 hivi. Chungu kilichohitaji saa moja pwani kitahitaji kama saa moja na dakika 25 hapa. Pima tofauti hiyo: asilimia 1.3 kwenye wastani, asilimia 40 kwenye saa ya mpishi. Sijui ushahidi mwingine ulio karibu na maisha yetu unaoonyesha kwa uwazi kama huu kwamba kazi ni ya wachache.

Wapo watakaopinga kwamba maharage magumu ni suala la mbegu, au la udongo, au la kukaa sana ghalani. Wana ukweli. Maharage yaliyohifadhiwa muda mrefu mahali penye joto na unyevu huwa magumu kuiva, na aina za mbegu zinatofautiana sana. Lakini pingamizi hilo linatuambia tu kwamba kuna sababu zaidi ya moja, haliondoi sababu ya kimo. Chukua gunia moja, ligawe, pika nusu Karagwe na nusu Dar es Salaam kwa maji ya namna moja, na tofauti itabaki. Kuloweka usiku kucha kunasaidia kote kuwili kwa sababu maji yanaingia ndani ya punje mapema, na ile kazi ya kuvunja vifungo inaanza kila upande wa punje mara moto unapowashwa.

Liko jambo jingine ambalo lingestahili kufundishwa katika kila shule yenye jiko la kuni. Maji yakishaanza kuchemka, kuongeza kuni hakuongezi halijoto yake hata kidogo. Nishati unayoongeza huzipa molekuli nyingi zaidi uwezo wa kutoroka, nazo zikitoroka zinaondoka na nishati hiyo, na chungu kinabaki kwenye nyuzi zake 95. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 95 kunahitaji kilojuli 314 hivi. Kuigeuza lita hiyohiyo kuwa mvuke kunahitaji zaidi ya kilojuli 2,200, yaani karibu mara saba. Kwa jiko la mafiga matatu, ambalo sehemu kubwa ya joto lake hupotea pembeni, kila lita ya maji inayopotea kwa mvuke inagharimu takribani kilo moja ya kuni kavu. Maharage yanayotokota taratibu chini ya mfuniko yanaiva sawasawa na yale yanayofoka. Mfuniko wa kawaida hauongezi mgandamizo wa maana, lakini unazuia utoro huo, na pale ndipo kuni zinapookolewa.

Sufuria ya presha inafanya jambo la pili. Inaufungia mvuke mpaka mgandamizo uzidi ule wa nje kwa karibu kilopaskali 100. Hapa kwetu maana yake ni jumla ya 184 hivi, na maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 118. Wastani wa nishati umepanda kwa asilimia 6 tu kutoka kwenye nyuzi 95. Kwa kisio lilelile la maradufu kwa kila nyuzi 10, upishi unakwenda karibu mara tano zaidi. Akina mama, chombo hiki kina faida kubwa zaidi kwenu kuliko kwa mpishi wa pwani, na sababu yake ni kimo cha milima yenu.

Hoja ya nne inatupeleka kwenye tanuri. Mkoa huu una historia ya chuma inayorudi nyuma karibu miaka 2,000 au zaidi, na ushahidi wake umechimbuliwa Katuruka na sehemu nyingine za Buhaya, huku ufalme wa Karagwe ukijulikana kwa vyombo vyake vya chuma vilivyotunzwa Bweranyange. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science utafiti kuhusu matanuri ya Buhaya, baada ya wazee waliojua kazi hiyo kuwaonyesha namna ya kuyajenga na kuyawasha. Walieleza kwamba mirija ya udongo iliyopeleka hewa ya mivukuto iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, hivyo hewa ilipata moto kabla ya kukutana na makaa, na moto ukawa mkali kuliko unavyotarajiwa katika tanuri la aina hiyo. Tuseme hewa ingefika nyuzi 600 kabla ya kutoka kwenye mrija. Kasi ya wastani ya molekuli zake ingekuwa imeongezeka kwa asilimia 70, na sehemu kubwa ya joto ambalo makaa yangelipoteza kwa kuipasha hewa baridi ingebaki kufanya kazi ya tanuri. Gesi ya monoksidi ya kaboni inayotoka kwenye makaa ndiyo inayoichukua oksijeni kutoka kwenye mawe ya chuma, na kwa kiwango cha kama nyuzi 1,200 mavi ya chuma yanayeyuka na kutiririka, chuma kikabaki. Kila hatua hapo ina kizingiti chake, na kila kizingiti kinavukwa na wachache walio mbele.

Utafiti huo ulipingwa. Baadhi ya wataalamu wa metali walisema kwamba hewa hupita kwenye mrija kwa muda mfupi mno kuweza kupata moto wa kutosha, na kwamba mirija iliingizwa ndani kwa sababu nyingine. Mimi naona pingamizi hilo ni la kuheshimiwa, na tena linaonyesha thamani ya nadharia yetu, kwa sababu pande zote mbili zinabishana juu ya swali moja linalopimika: ni molekuli ngapi za hewa zinazougusa ukuta wa moto kabla ya kufika mwisho wa mrija? Urefu wa mrija, upana wake, na idadi ya mapigo ya mivukuto kwa dakika ndivyo vitakavyojibu. Lisilobishaniwa ni kwamba wahunzi wa nchi hii walitawala moto na hewa kwa ustadi, wakapata chuma.

Sasa pingamizi la mwisho, nalo lilitoka kwa mwanafunzi wa Tanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa Shule ya Sekondari Magamba, mkoani Tanga, aliona kwamba mchanganyiko wa aisikrimu uliowekwa kwenye friji ukiwa wa moto uliganda kabla ya ule uliopoa. Aliambiwa amekosea. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, naye hakumpuuza. Walijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja katika jarida la Physics Education. Ikiwa joto ni mwendo, wapo wanaohoji, maji ya moto yanawezaje kuyatangulia ya baridi bila kwanza kuwa ya baridi yenyewe? Swali hilo linaua wastani, haliui nadharia. Maji mawili yakiwa na halijoto moja si lazima yawe na hali moja. Yaliyoanza ya moto yamepoteza kiasi kwa mvuke, yamepoteza gesi zilizoyeyukia ndani yake, na yanazunguka chomboni kwa namna tofauti. Wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 2016 Burridge na Linden walichapisha vipimo ambavyo havikuonyesha ushahidi wa kuaminika wa jambo hilo, na wengine wameendelea kulitafuta katika mifumo midogo inayodhibitiwa vizuri. Kwangu mimi jambo kubwa ni kwamba kijana alipima, akashikilia alichokiona, na ulimwengu bado unalijadili.

Ndugu zangu, yako mambo mawili ninayoyatazamia kutoka wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa. La kwanza ni vipimo. Kati ya kingo za mto Kagera na vilima vya juu vya Karagwe na Kyerwa kuna tofauti ya mamia ya mita, na shule zimetawanyika katika vimo vyote hivyo. Kipimajoto kimoja kizuri, maji ya mvua, na sufuria safi vinatosha. Kila shule ichemshe maji, isome halijoto bila kipimajoto kugusa chini ya sufuria, irudie mara kadhaa, iandike siku na saa, kisha ipike kikombe kimoja cha maharage kutoka gunia moja litakalogawiwa kwa shule zote na kuandika muda yalipolainika. Ndani ya muhula mmoja tutakuwa na ramani yetu wenyewe ya mahali maji yanapochemkia na muda ambao chakula kinahitaji, na tutajua kama kisio la maradufu linafaa kwa maharage ya hapa au linahitaji kusahihishwa. Nadhani litahitaji kusahihishwa, na ningependa vijana wa Kagera ndio wanaolisahihisha.

La pili linahusu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Vyombo vitaletwa, na baadhi ni sufuria za presha za umeme. Naomba wanaopanga matumizi yake wasitumie muda na gharama zilizopimwa Dar es Salaam kana kwamba kimo hakina neno. Wanaoishi juu wana faida kubwa zaidi kutokana na sufuria hizo, basi wanastahili kufikiriwa mapema katika mgao, na vipimo vya shule zetu vinaweza kuwa msingi wa ombi hilo mbele ya halmashauri. Walimu wa fizikia na wa kemia watakaokubali kushiriki, karatasi za kujazia vipimo ziko kwa katibu wa kikao. Nawakaribisha kwa maswali, tukianza na vijana.